KUVUJA KWA OILI BAADA YA KUBADILI CHUJIO: CHANZO CHAKE NA DAWA YAKE

Vyama vingi vya msingi vina chombo kimoja cha moto au zaidi: lori la kusombea mazao, pikapu ya ofisi, trekta la kulimia mashamba ya wanachama, au injini ya kuendeshea mashine ya kukoboa na kusaga. Vyombo hivyo vilinunuliwa kwa fedha za wanachama, na katika daftari la mali ya chama mara nyingi ndivyo vyenye thamani kubwa kuliko kitu kingine chochote baada ya ghala. Kwa nia ya kupunguza gharama, vyama kadha wa kadha vimeacha kuvipeleka gereji kila ufikapo wakati wa kubadili oili. Kazi hiyo hufanywa na dereva na utingo wake, uani kwa chama. Uamuzi huo ni mwema. Kubadili oili hakuhitaji utaalamu mkubwa, na kila shilingi inayookolewa ni ya wanachama.

Walakini, kazi hiyo ina hatari moja ambayo yapasa ieleweke vema. Mara nyingine, muda mfupi baada ya kazi kumalizika, oili huonekana ikidondoka penye chujio, ambalo wengi huliita filta. Kwa kuwa matone ni machache, jambo lenyewe huonekana dogo. Chujio hukazwa kwa nguvu zaidi, na safari huendelea. Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo si dogo, kwa nini kukaza zaidi si dawa, na hatua zipi zifuatwe ili chombo cha chama kisije kikaharibika kwa sababu ya kipande cha mpira.

KAZI YA OILI NA YA CHUJIO

Ndani ya injini mna vyuma vingi vinavyozunguka au kupanda na kushuka kwa kasi. Kranki, ambayo hupokea nguvu ya pistoni, hufanya zaidi ya mizunguko elfu moja kwa dakika hata lori linapokwenda mwendo wa kawaida. Kranki hiyo haipaswi kugusana na beringi zake chuma kwa chuma. Kati yao kuna utando mwembamba wa oili, ambayo husukumwa hapo na pampu bila kukoma. Utando huo ukikatika, ijapokuwa kwa muda mfupi, vyuma husuguana na kupata moto mkali, beringi hunasa, na kranki huchubuka.

Kabla oili haijafika kwenye beringi hupitia katika chujio. Chujio la kawaida la siku hizi ni kopo la bati lililofungwa, ambalo ndani yake mna karatasi maalumu iliyokunjwa mikunjo mingi. Oili huingia kwa matundu madogo yaliyo kandokando, huacha uchafu wake katika karatasi, kisha hutoka kwa tundu kubwa la katikati lenye hesi, yaani mikato kama ya skrubu. Kopo hilo hushikwa na bomba fupi la chuma lililotokeza katika injini. Baina ya kopo na uso wa injini kuna mpira wa duara wenye unene wa milimeta chache tu. Mpira huo peke yake ndio unaoizuia oili isitoke nje.

Ni vizuri kufahamu mpira huo hubeba mzigo gani. Injini ikiwa katika joto la kazi, presha ya oili kwa kawaida huwa kati ya kilo 2 na kilo 5 kwa kila sentimeta ya mraba. Alfajiri, injini ikiwa baridi na oili ikiwa nzito, presha huzidi hapo. Chujio ambalo mpira wake una kipenyo cha sentimeta 7 lina eneo la sentimeta za mraba 38 hivi linalosukumwa na oili. Presha ikiwa kilo 3 tu, nguvu inayotaka kuling'oa chujio hilo mahali pake ni kilo 114, nazo ni zaidi ya uzito wa gunia la mahindi la kilo 100. Tena pampu ya lori ina uwezo wa kupitisha makumi ya lita kwa dakika, ilhali oili yote iliyomo katika injini ya lori la wastani haizidi sana lita 10 hadi 20. Mpira ukitoka mahali pake, oili huweza kumwagika karibu yote katika dakika moja au mbili.

MFANO WA LORI LENYE PAMBA

Mfano ufuatao si habari ya chama fulani. Umeandikwa ili kuonyesha mfuatano wa mambo jinsi unavyokuwa.

Ni Jumamosi jioni, katikati ya msimu wa kununua pamba. Dereva na utingo wanabadili oili ya lori la chama. Chujio la zamani limeganda wala halifunguki kwa mkono. Wanalitoboa kwa bisibisi na kulizungusha kwa nguvu, oili inawamwagikia mikononi, na jua limekwisha kuchwa. Chujio linapotoka wanalitupa katika karai. Wanaupaka oili mpira wa chujio jipya, wanalifunga kwa mkono, wanajaza oili mpya na kuwasha injini. Taa ya oili inazimika kama ipasavyo. Hata hivyo matone machache yanaonekana chini ya chujio. Wanalikaza kwa spana, matone yanakoma, nao wanakwenda zao kupumzika.

Jumatatu alfajiri lori linaondoka limejaa pamba mbegu, likielekea kinuni. Injini ni baridi na presha iko juu. Katika mlima wa kwanza taa nyekundu ya oili inawaka. Dereva anadhani ni hitilafu ya waya. Kijiji kinachofuata ki umbali wa kilometa 4, na huko yuko fundi. Lori halifiki. Injini inaanza kugonga, kisha inanyamaza. Nyuma yake barabarani umebaki mstari mweusi wa oili tangu mguuni mwa mlima.

Fundi anapolifungua chujio anakuta mipira miwili: mmoja ni wa chujio jipya, na mwingine ni wa lile la zamani, uliokuwa umegandamana na uso wa injini bila mtu kuuona. Sasa kranki haina budi kusuguliwa upya au kununuliwa nyingine, beringi zote ni za kubadilishwa, na lori litakaa kwa fundi wakati pamba ya wanachama ikingoja vituoni na mawingu yakitanda. Chama kitakodi lori la mtu binafsi kwa bei ya msimu, na malipo ya wakulima yatachelewa.

Hasara hiyo haikuletwa na uamuzi wa kubadili oili wenyewe. Ililetwa na mambo matatu: hakuna aliyeutafuta mpira wa zamani, matone yalitibiwa kwa kukaza, na taa nyekundu haikusadikiwa.

KWA NINI KUKAZA SI DAWA

Mpira wa chujio hukaa katika mfereji wake, na ukuta wa mfereji huo ndio unaouzuia usisukumwe nje na presha. Mpira wa zamani uliobaki kwenye injini hauna mfereji. Umelala tu juu ya uso mtupu wa chuma. Mpira juu ya mpira, yote miwili ikiwa na oili, huteleza. Chujio linapokazwa zaidi, mpira usio na mfereji hubanwa na kuanza kutafuta njia ya kutokea pembeni. Ndiyo maana kukaza huweza kukomesha matone kwa saa kadhaa, huku kukitayarisha mmwagiko mkubwa utakaotokea wakati injini ina mzigo.

Mpira wa zamani hubaki kwa sababu inayofahamika. Umekaa katika joto kwa maelfu ya kilometa, umekuwa mgumu, umelala bapa, na mara nyingi ulipofungwa mara ya kwanza haukupakwa oili. Rangi yake nyeusi hufanana na uso wa injini wenye masizi, hata mtu akitazama kwa haraka hudhani ni sehemu ya chuma. Kwa hiyo haitoshi kutazama. Yapasa kupapasa kwa kidole mzunguko mzima.

VYANZO VINGINE VYA KUVUJA

Ijapokuwa mpira wa zamani ndio unaoleta hasara kubwa ya ghafla, si chanzo pekee. Vingine ni hivi:

1. Mpira mpya kufungwa ukiwa mkavu. Mpira mkavu haujongei juu ya chuma. Hukunjika au kuchanika chujio linapozungushwa.

2. Uchafu juu ya kikalio cha chujio. Punje ya mchanga, uzi wa tambara au mkwaruzo wa patasi hutosha kuacha upenyo.

3. Chujio kulegea au kukazwa kupita kiasi. Lililolegea hufunguka kwa mtikisiko wa barabara. Lililokazwa mno hupondaponda mpira wake, na bati lake huweza kupinda.

4. Hesi kuingia upande. Chujio likianza kufungwa likiwa limeinama, hesi huharibika na mpira haukai sawasawa.

5. Chujio lisilo la injini hiyo. Hili ni la hatari kwa sababu huonekana kama linaenea. Hesi mbili zitumikazo sana ni ya inchi 3/4 na ya milimeta 20. Inchi 3/4 ni milimeta 19.05. Kwa hiyo chujio la milimeta 20 huingia katika bomba la inchi 3/4, na hata huonekana kukaza, kumbe hesi zake zimeshikana kwenye ncha tu. Presha ikipanda, chujio hufyatuka.

6. Bomba la katikati kutoka pamoja na chujio la zamani. Mara nyingine bomba hilo hufunguka na kubaki ndani ya kopo, likatupwa nalo, au likarudishwa bila kukazwa.

7. Presha kupita kiasi. Chujio likivimba kama kopo la samaki lililoharibika, kosa si la mpira. Huenda vali ya kupunguzia presha imekwama, na hiyo ni kazi ya fundi.

KUTAFUTA MAHALI PANAPOVUJA

Kabla ya kulilaumu chujio, ni lazima kuhakikisha kwamba ndilo linalovuja. Wakati wa kulifungua, oili ya zamani humwagika juu ya vyuma vilivyo chini yake, nayo huendelea kudondoka kwa muda hata kama hakuna kasoro. Tena bolti ya kumwagia oili, iliyo chini ya injini, nayo ilifunguliwa siku hiyo hiyo. Washa yake ya shaba au aluminiamu ikiwa imechakaa, au ikiwa haikurudishwa, oili hutoka hapo. Upepo wa feni na wa mwendo huipeleka oili nyuma, hata ikaonekana inatoka mahali pengine kabisa.

Njia ya kutafuta ni nyepesi. Injini izimwe na kuachwa ipoe. Chujio, kikalio chake, bolti ya chini na sehemu zote jirani zipanguswe kwa tambara lenye mafuta ya taa kidogo, kisha kwa tambara kavu mpaka ziwe safi. Petroli isitumiwe, kwa maana hushika moto upesi. Karatasi safi au boksi lililofunguliwa litandikwe chini ya injini. Kisha mtu mmoja akae kwenye usukani, na mwingine atazame kwa tochi, mikono na nguo zake zikiwa mbali na feni na mikanda. Injini iwashwe kwa nusu dakika, izimwe, ikaguliwe tena. Mahali pa juu kabisa penye unyevu ndipo penye chanzo. Kama bado pana shaka, poda kidogo ya mwilini ipakwe juu ya sehemu kavu. Oili itachora mstari mweusi juu ya weupe huo.

Ikiwa oili inatoka kwa mkondo, wala si kwa matone, injini izimwe papo hapo, wala isiwashwe tena mpaka chujio lifunguliwe.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kazi ifanywe mchana, mahali pa tambarare. Magurudumu yawekewe kabari. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekewe stendi imara au magogo. Injini iachwe ipoe walau nusu saa, kwa sababu oili ya moto huunguza vibaya.

Kwanza, karai safi liwekwe chini na chujio lifunguliwe. Likiwa jipya na oili iliyotoka ni safi, oili hiyo isichanganywe na taka, ili kiasi kilichopotea kipimike.

Pili, mipira ihesabiwe. Katika chujio lililotolewa lazima uwemo mpira mmoja katika mfereji wake. Ikionekana miwili, chanzo kimepatikana. Usipoonekana hata mmoja, basi umebaki kwenye injini. Kikalio cha injini kipapaswe kwa kidole mzunguko mzima, kisha kimulikwe kwa tochi. Mpira uliogandamana utolewe kwa ukucha au kwa kijiti cha mti laini. Patasi, msumari na bisibisi visitumiwe, maana mkwaruzo mmoja utavujisha oili siku zote.

Tatu, kikalio kipanguswe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Bomba la katikati lijaribiwe kama limekaza, na hesi zake zitazamwe.

Nne, chujio litakalofungwa lilinganishwe na lile la zamani: kipenyo cha mpira, ukubwa wa hesi, urefu wa kopo na namba iliyoandikwa. Kifuniko cha plastiki au karatasi kiondolewe chote. Kama mpira wa chujio jipya umekatika, umekunjika, au chujio lilikwisha kukazwa kwa spana hadi bati likapinda, lisitumiwe tena, litafutwe jingine. Kama kosa liligunduliwa mapema, kabla ya gari kwenda safari, na mpira wake hauna kasoro, laweza kusafishwa na kurudishwa.

Tano, mpira upakwe oili safi kwa kidole. Grisi, gundi na silikoni havina kazi mahali hapa. Vipande vyake huweza kuingia katika mishipa ya oili na kuiziba.

Sita, chujio lifungwe kwa mkono. Mizunguko ya kwanza lazima iwe myepesi. Ikiwa mizito, hesi zimeingia upande, na yafaa kufungua na kuanza upya. Mpira utakapogusa kikalio, alama ichorwe kwa chaki au kalamu. Kuanzia alama hiyo, chujio lizungushwe robo tatu ya mzunguko, au mzunguko mmoja, kama ilivyoandikwa juu ya kopo lenyewe au katika kitabu cha gari. Zaidi ya hapo lisiendelee. Spana ya chujio ni ya kufungulia. Kufunga ni kazi ya mkono.

Saba, oili iongezwe mpaka alama ya juu ya kijiti cha kupimia. Injini iwashwe na kuachwa ikizunguka polepole, bila kukanyagwa. Taa ya oili haina budi kuzimika, au mshale wa geji kupanda, katika sekunde chache. Isipokuwa hivyo, injini izimwe mara moja. Ikiwa hivyo, chujio litazamwe kwa dakika tatu hadi tano, kisha injini ikanyagwe kiasi na litazamwe tena. Baadaye injini izimwe, ingojwe dakika kumi ili oili ishuke, na kijiti kipimwe upya. Chujio jipya hunywa oili yake, kwa hiyo kiasi kidogo huhitajika kuongezwa.

Nane, ukaguzi wa mwisho ufanywe baada ya safari fupi ya kilometa 10 hadi 20, kabla lori halijapakiwa mzigo. Siku inayofuata, injini ikiwa baridi, ukaguzi huo urudiwe.

MATREKTA NA INJINI ZA ZAMANI

Baadhi ya matrekta na injini za mashine za kusagia hazina chujio la kopo lililofungwa. Zina bakuli la chuma lililoshikwa na bolti ndefu ya katikati, na ndani yake hutiwa chujio la karatasi. Hapo mpira hukaa katika mfereji ulio ndani ya kichwa cha chujio, juu kabisa, ambako macho hayafiki kwa urahisi. Wengi hubadili karatasi na kuuacha mpira wa zamani, au hutia mpya juu ya wa zamani. Mpira huo utolewe kwa uangalifu kwa ncha ya pini, mfereji usafishwe, na mpya ukandamizwe kwa vidole mzunguko mzima ili usiwe umejisokota. Washa iliyo chini ya kichwa cha bolti nayo ibadilishwe, kwa sababu yenyewe huweza kuvuja. Boksi la chujio la namna hii mara nyingi huwa na mpira zaidi ya mmoja wa ukubwa mbalimbali; unaochaguliwa uwe sawa kabisa na ule uliotoka.

IKITOKEA NJIANI

Dereva wa chama na akumbuke kwamba taa nyekundu ya oili si kama taa ya mafuta ya dizeli, ambayo huonya mapema. Taa ya oili huwaka wakati presha imekwisha kushuka. Hakuna kilometa hata moja ya ziada. Injini izimwe, gari lisimamishwe pembeni kwa usalama, na kijiti kipimwe. Injini iliyozimwa upesi kwa kawaida hupona, na gharama yake ni oili na chujio. Injini iliyoendeshwa "mpaka pale kijijini" huweza kugharimu kranki.

Kama taa haijawaka na kinachoonekana ni matone tu, gari liendeshwe taratibu mpaka mahali penye msaada, likisimamishwa mara kwa mara kupima kijiti. Lisipakiwe mzigo mwingine mpaka chujio limefunguliwa na kutazamwa. Katika lori la chama daima iwepo akiba ya lita chache za oili na chujio moja lenye namba sahihi.

WAJIBU WA KATIBU NA HALMASHAURI

Katibu wa chama si fundi, wala hatazamiwi kulala chini ya lori. Hata hivyo, mambo mengi yaliyoelezwa hapo juu huharibika au hutengenea mezani pake.

La kwanza ni ununuzi. Katibu anapokwenda dukani na kununua "chujio la lori" kwa sababu ni la bei nafuu, amekwisha kuanzisha hatari. Namba ya chujio la kila chombo iandikwe katika daftari la mali, na hati ya malipo ionyeshe namba hiyo hiyo. Chujio lisilo na namba wala jina la mtengenezaji lisipokewe.

La pili ni kutoa vifaa kwa utaratibu. Mtunza bohari asifunge hesabu ya chujio jipya mpaka dereva amerudisha lile la zamani, likiwa na mpira wake. Utaratibu huu hauna gharama yoyote, nao hutimiza mambo mawili kwa pamoja: huhakikisha kwamba chujio lililotolewa limetumika katika gari la chama, na humlazimisha dereva kuutafuta mpira wa zamani kabla hajafunga mpya. Mpira usipoonekana, kazi haijaisha.

La tatu ni kumbukumbu. Kila chombo kiwe na kadi inayoonyesha tarehe, kilometa au saa za kazi, aina ya oili, idadi ya lita, namba ya chujio, na maneno haya: "Mpira wa zamani umeonekana." Watie sahihi dereva na mtu wa pili aliyeuona. Kadi hiyo itamsaidia mkaguzi wa hesabu, na itamsaidia zaidi dereva mwaminifu siku injini itakapopata kasoro isiyo ya kosa lake.

La nne ni wakati. Kazi isipangwe jioni ya mwisho kabla ya safari ya mzigo. Dereva anayeharakishwa na katibu hana nafasi ya kupapasa kikalio. Yafaa oili ibadilishwe siku mbili tatu kabla, ili ukaguzi wa baada ya safari fupi upate kufanywa.

La tano ni oili chafu. Oili iliyotumika ina madini na masizi yanayodhuru ngozi, na ikimwagwa ardhini huingia katika visima na vijito. Ikusanywe katika dumu lenye kifuniko, chujio la zamani likinging'inizwa hapo mpaka limalize kudondoka, kisha ipelekwe kwa wanaoikusanya. Wafanyao kazi hiyo wanawe kwa sabuni, na matambara yenye oili yasiachwe karibu na magunia ya mazao wala penye moto.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa chujio la oili, kuziba ufa maana yake si kukaza; ni kufungua, kutazama na kuhesabu: mpira mmoja uliotoka, mpira mmoja ulioingia. Halmashauri ya kila chama inaweza kuupitisha utaratibu huo katika kikao kimoja, na katibu akaubandika ukutani mwa bohari, ili dereva na utingo wausome kabla ya kuchukua spana. Lori litakalofika kinuni salama litakuwa limebeba pamba ya wanachama, na fedha yao pia.